Mrushaji anayepiga: jina moja, nafasi mbili kwenye fomu

Kosa la kwanza hutokea kabla mpira haujarushwa, kwenye fomu ya majina. Katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani, MLB, kanuni ya 5.11 inataka mrushaji anayepiga aandikwe mara mbili: kati ya wapigaji 9 kama mpigaji mteule (anayepiga badala ya mrushaji bila kulinda uwanjani), na tena chini kama mrushaji anayeanza. Akiandikwa mara moja tu, kama mrushaji anayejipigia, timu imeacha nafasi ya mpigaji mteule. Mkono ukichoka, anayemtoa kilimani, pale anaporushia, anampoteza na kwenye kupiga, isipokuwa amhamishie ulinzi wa nje. Timu ya Angels ilibanwa hivyo mwaka 2021 na Mjapani Shohei Ohtani, anayerusha na kupiga, ndipo kanuni ikarekebishwa 2022.

Akiandikwa mara mbili, anahesabiwa kuwa watu wawili. Mrushaji akitolewa, mpigaji anabaki. Mpigaji akibadilishwa, mrushaji anaendelea kurusha, ila zamu ya kupiga imekwisha. Tarehe 17 Oktoba 2025, dhidi ya timu ya Brewers, Ohtani, sasa akiwa timu ya Dodgers, alitolewa kilimani kipindi cha 7 akiwa ameshawaangusha wapigaji 10 kwa straiki tatu kila mmoja, kisha nusu ya pili ya kipindi hichohicho, zamu ya timu yake kupiga, akapiga homurani (pigo la kuvusha mpira nje ya uwanja) yake ya 3.

Sasa mtego, na makocha wa mezani huusahau kila mara: kinga hii ni ya mrushaji anayeanza tu. Akianza kama mpigaji mteule, halafu aitwe amalizie mchezo kwa kurusha, nafasi ya mpigaji mteule inakufa hadi mwisho. Akitoka kilimani, mrushaji anayempokea atalazimika kushika fimbo. Fainali ya World Baseball Classic 2023, mashindano ya timu za taifa, Japani walimwita Ohtani arushe kipindi cha 9, cha mwisho, wakiongoza 3–2, tena wakiwa wanapiga nusu ya pili. Akiwatoa wapigaji watatu, mchezo umekwisha na hakuna anayerudi kupiga. Marekani wangesawazisha, deni la kupoteza mpigaji mteule lingedaiwa palepale. Ndiyo maana Juni 2025, akirejea kurusha baada ya upasuaji wa kiwiko, Dodgers walimwanzisha kwa kipindi kimoja badala ya kumtumia kama mrushaji wa akiba.

Kumtoa kilimani na kumpeleka ulinzi wa nje nako kunaua nafasi ya mpigaji mteule.

Kwenye orodha ya wachezaji 26, warushaji hawazidi 13, lakini mwenye hadhi ya kucheza pande zote hahesabiwi humo. Hadhi hiyo hupatikana kwa kurusha vipindi 20 na kuanza mechi 20 kama mlinzi au mpigaji mteule, kila moja akipata angalau zamu 3 za kupiga, msimu huu au mmojawapo wa miwili iliyopita.

Halafu kuna namba yake kwenye zamu za kupiga. Ukimweka namba 1 mkicheza nyumbani, anashuka kilimani na papo hapo anatakiwa kisandukuni, pale mpigaji anaposimama, kofia ngumu kichwani, jasho halijakauka. Kumshusha hadi namba 3 humpa dakika chache za kupumua, ila unaweza kumnyima zamu moja mwishoni. Mimi ningemwacha namba 1.