Ukirudi nyumbani, wewe ndiye mwenye ufunguo wa mlango

Aliyeishi ugenini miaka mingi hurudi na elimu asiyoilipia ada. Anajua chumba kinavyonyamaza mtu wa rangi nyingine akiingia, na anajua swali la "hasa hasa kwenu ni wapi?" lina uzito gani likiulizwa mara ya kumi. Akishafika nyumbani, jina lake, sura yake na lugha yake havitiliwi shaka tena, na elimu ile husahaulika upesi. Kwa hiyo tunawaandikia wenzetu waliorudi na kukabidhiwa kazi ya kuajiri, kufundisha au kuongoza watu.

Wengi hudhani ubaguzi ule wameuacha walikotoka. Mkataba wa Kimataifa wa Kutokomeza Aina Zote za Ubaguzi wa Rangi, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 21 Desemba 1965 na kuanza kutumika tarehe 4 Januari 1969, unataja mbari, rangi, nasaba, na asili ya taifa au ya kabila. Kumbe aliyenyimwa nafasi kwa rangi yake ugenini na anayenyimwa kwa ukoo wake nyumbani wanasimama chini ya kifungu kimoja. Tena mkataba unagusa dhamira na vilevile matokeo. Kusema "sikukusudia" hakumalizi shauri.

Mahali pa kuanzia ni ajira, kwa sababu hapo madhara hupimika. Mwaka 2004 wanauchumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha utafiti wao wa Boston na Chicago, Marekani: walituma maombi ya kazi karibu 5,000 ya kubuni, yenye sifa zinazolingana, wakibadilisha majina. Majina yanayohusishwa na Wazungu yalihitaji maombi kama 10 ili mwajiri ampigie mwombaji mara moja. Yanayohusishwa na Wamarekani weusi yalihitaji kama 15. Hakuna aliyetukanwa. Msomaji mwenye haraka hujaza kwa jina kile ambacho hakukisoma kwenye wasifu.

Basi, mtu asiye kwenye jopo la usaili afute jina, picha, umri na mahali pa kuzaliwa, kisha kila ombi lipewe namba. Hapa kosa la kawaida ni kusahau anwani ya barua pepe, majina ya wadhamini na jina la shule ya msingi, ambayo hufichua yote yaliyofutwa. Hata hivyo, kazi hiyo haina maana usaili wenyewe ukibaki maongezi ya kirafiki. Andaeni maswali 5 au 6, yaulizwe kwa wote kwa mpangilio uleule. Alama ziwe 1 hadi 5, na iandikwe mapema jibu la 1 linafananaje na la 5 linafananaje. Kila msaili ajaze alama zake peke yake kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo. Mkubwa akitangulia kusema, wengine humfuata. Na akisema mtu "hataendana na sisi", aulizwe ni katika swali la ngapi. Lafudhi isipewe alama. Kinachopimwa ni kueleweka, tena pale tu kazi inapodai.

Mafunzo ya siku moja ya kulazimishana hatuyategemei sana. Frank Dobbin na Alexandra Kalev, waliochunguza kampuni za Marekani kwa miaka mingi, walionyesha kuwa mafunzo ya lazima mara nyingi hayaongezi utofauti kwenye uongozi, kwa kuwa watu hupinga wanachoamriwa kukiamini. Kumpa mfanyakazi mlezi wa kazi, yaani mzoefu wa kumwongoza, na kumteua mtu wa kujibu kuhusu takwimu, huleta zaidi.

Takwimu zihesabiwe kila hatua: walioomba, walioitwa, walioajiriwa, waliopandishwa, walioondoka ndani ya mwaka. Tuseme kundi fulani ni 30 kati ya waombaji 100, lakini ni 3 tu kati ya 20 walioitwa: tatizo liko kwenye uchambuzi wa maombi, msilitafute penginepo. Mtu kutaja ni wa kundi gani kuwe kwa hiari, pawepo na jibu la "sipendi kusema", na kundi lenye watu chini ya 5 lisitangazwe, maana kila mtu atajua ni nani.

Neno la dharau likitamkwa kikaoni, lijibiwe palepale kwa sentensi fupi kuhusu neno hilo, bila kumhukumu aliyelitamka: "Hilo jina hatulitumii hapa." Baadaye mfuate aliyeumizwa faraghani umuulize anataka nini kifanyike, usimgeuze mwalimu wa wote. Anayeomba radhi ataje alichofanya. "Kama umeumia, samahani" humrudishia aliyeumizwa lawama.

Lipo pia jambo ambalo sisi tuliorudi hatupendi kuambiwa. Shahada ya nje na matamshi ya kigeni hutupatia alama ambazo wenzetu waliobaki hawapewi, na huo nao ni upendeleo wa asili. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kwa hiyo kwenye orodha ya vitu vya kufuta kabla ya maombi kufika kwa jopo, ongezeni nchi aliyosomea mwombaji. Ibaki fani, kiwango cha elimu na kazi alizowahi kufanya.