Caezar kwa buku

Mwaka 2009 nilikuwa nafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari upande wa Ubungo, na Jumamosi zangu karibu zote ziliishia Barabara ya Samora, katikati ya Dar es Salaam, kwa wauza vitabu wa chini. Walitandika turubai kwenye njia ya miguu: vitabu vya uhasibu mbele kwa sababu ndivyo vinavyotoka, riwaya nyuma, na vile vya kale kabisa wameviacha pembeni kama vilivyokuja, vimefungwa mafungu kwa kamba ya katani. Mimi nilikuwa mteja wa mafungu.

Nilikuwa nimeshikwa na ugonjwa wa matoleo ya kwanza. Ulinianza siku nilipookota, kwa shilingi mia tano, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o yenye jina la James Ngugi jaladani, jina alilolitumia kwenye riwaya zake za mwanzo, za miaka ya sitini, kabla hajaliacha. Nilikuja kujua baadaye kwamba jina peke yake halitoshi, maana liliendelea kwenye chapa zilizofuata pia, lakini siku ile nilijiona nina jicho. Nikaanza kukusanya dalili. Kitabu kinachoitaja Tanganyika kama nchi iliyopo, si iliyokuwapo, nilikitenga. Chenye nembo ya East African Literature Bureau nilijua hakiwezi kuwa cha juzi, kwa kuwa shirika lile lilianzishwa 1948 na kuzikwa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani mwaka 1977. Vitabu vya Ulaya na Marekani vya miaka ya karibuni vina safu ya tarakimu, moja mpaka kumi, kwenye ukurasa wa hakimiliki. Kila kikirudi mtamboni tarakimu ndogo hufutwa, basi ukiikuta moja bado ipo, kwa kawaida umeshika chapa ya kwanza, na safu ikianzia nne, ni ya nne.

Vyetu vingi havina ufundi huo. Vinasema tu toleo la kwanza mwaka fulani, chapa ya tatu mwaka fulani, na watu huyachanganya maneno hayo mawili kama chumvi na sukari gizani. Toleo ni maandishi yenyewe. Mwandishi akiyapitia, akabadilisha, kitabu kikapangwa upya, hilo ni toleo jingine. Chapa ni mtambo kurudia kazi ileile. Mkusanyaji anavitaka vyote viwili, toleo la kwanza katika chapa yake ya kwanza. Somo hili niliwafundisha Kidato cha Tatu, ambao hawakuwa wameniuliza.

Kitabu nilichokuwa nakiwinda kuliko vyote kilikuwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, *Juliasi Kaizari*. Nilikuwa nayo ya 1969, ile inayojulikana. Nilishajua kwamba ilitangulia nyingine mwaka 1963, nchi ikiwa bado Tanganyika, rais wake akikaa na kamusi usiku kumgeuza Kaisari Mswahili kwa mistari isiyo na vina, jambo ambalo washairi wetu wengi wa wakati ule wasingelihesabu kuwa shairi. Kwa miaka miwili niliuliza kila turubai: una *Juliasi Kaizari* ya sitini na tatu? Hakuna aliyekuwa nayo.

Jumamosi hiyo, nadhani ilikuwa Juni kwa sababu jua lilikuwa la kistaarabu, nilimkuta mzee wangu wa barghashia amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Leo nina mzigo wa Upanga. Mwenyewe ametangulia mbele za haki, na watoto wanasema hawataki vumbi."

Mafungu yalikuwa manne. Nikachuchumaa. La kwanza lilikuwa kamusi iliyokatika uti na majarida. La pili lilikuwa Shakespeare tupu, vile vitabu vyembamba vya Kiingereza vya mitihani ya Cambridge, vitano au sita, pembe zimeliwa na mende. Cha juu kabisa kamba ilikikatiza jalada katikati, na sehemu iliyoonekana juu ya kamba ilisema: *Julius Caezar*.

Nikacheka. Nikamwonyesha mzee kwa kidole. "Ona hapa. Kiingereza chenyewe kinaandikwa kwa *s*. Hawa wameweka *z*. Na Kiswahili nacho hakina *c* inayosimama peke yake, wala hakisomi *ae* kama *i*. Hili neno halina kwao."

"Ndiyo maana ni buku, elfu moja tu," mzee akasema. "Chukua."

Sikukifungua. Nilisukuma fungu zima pembeni kwa mgongo wa mkono, kama mtu anayekataa chai ya pili, nikaenda la tatu. Na huko ndiko nilikopigwa na radi. Kilikuwa kitabu cha Chinua Achebe, *Things Fall Apart*, jalada laini, rangi ya chungwa imepauka. Nikafungua ukurasa wa hakimiliki na nikasoma, kwa Kiingereza, kwamba kimechapishwa mara ya kwanza 1958. Chini ya mstari huo kulikuwa na kibandiko cha bei cha duka la vitabu, kimekauka na kuwa sehemu ya karatasi. Sikuhangaika nacho. Mwaka niliuona, na ndio niliokuwa nautaka.

Sasa, mtu mwenye akili zake angejiuliza mambo mawili matatu. Toleo la kwanza la riwaya hiyo lilitoka London mwezi Juni 1958, nakala elfu mbili tu, jalada gumu. Hiki kilikuwa laini. Kilikuwa na nembo ya ule mfululizo wa waandishi wa Afrika, ambao ulianza 1962, na riwaya hiyohiyo ndiyo ilikuwa namba moja. Haya yote nilikuwa nayajua, ningeweza kuyaandika ubaoni bila daftari. Lakini moyo ulikuwa umeshalipa.

Mzee alinitazama mikono. Muuza vitabu wa chini hajali unachosema, anatazama mikono. Akataja elfu arobaini. Tukavutana mpaka thelathini, ambayo ilikuwa hela ya umeme wa Luku pamoja na ya gunia la mkaa.

Usiku, nyumbani, nilichemsha maji na kushikilia ukurasa ule juu ya mvuke wa birika. Kibandiko kikaanza kujikunja pembe. Nikakivuta taratibu kwa ukucha wa kidole gumba, na maneno yakatoka moja moja, herufi ndogo kama mayai ya chawa. Kwanza kwamba katika mfululizo huu kimechapishwa 1962. Kisha orodha ya miaka kilipopigwa chapa tena, mmoja baada ya mwingine, kama majina ya kuitwa mahudhurio, mpaka 1976.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na kanga begani. "Vipi?"

"Nilidhani ni cha mwaka hamsini na nane. Kumbe sabini na sita."

Akafikiri kidogo. "Basi si afadhali? Umepata kipya zaidi."

Jumatatu ofisi ya walimu ilikuwa na mwalimu mmoja wa fasihi, mama mtu mzima, mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu. Sikutaka kumweleza habari ya elfu thelathini, kwa hiyo nikaleta kichekesho badala yake. Nikamwambia kuna watu waliandika *Caezar* kwa *z* jaladani, kweupe, na hakuna mhariri aliyeshtuka.

Hakucheka. Akaweka kalamu nyekundu chini.

"Kilikuwa cha Oxford?"

"Sikuangalia, mama."

"Kiswahili au Kiingereza?"

Hapo ndipo nilipohisi tumbo limelegea. "Sikukifungua."

"Mwanangu," akasema, "hicho ndicho tulichosoma sisi. Mwalimu alipokitafsiri mara ya kwanza, sitini na tatu, kiliitwa hivyo, *Julius Caezar*. Hilo jina lenu la *Juliasi Kaizari* ni la sitini na tisa, alipokipitia upya. Sisi tulikuwa tunamtania, Julius kamtafsiri Julius."

Miaka miwili nilikuwa nawauliza watu kitabu ambacho hakijawahi kuwapo. Hakuna *Juliasi Kaizari* ya 1963. Toleo la kwanza linajitambulisha kwa jina lenyewe, huhitaji hata kufungua ukurasa wa hakimiliki, tahajia inatosha. Na tahajia ndiyo kazi ninayolipwa mshahara kuijua. Siku ile nilifundisha vipindi viwili vya ngeli ambavyo mpaka leo sikumbuki nilisema nini.

Saa tisa nilikuwa kwenye daladala ya Posta. Tukasimama Magomeni. Tukasimama Jangwani, muda wa kutosha kwa kondakta kushuka kununua mahindi na kurudi akiwa amekula nusu. Nilijiona nikimfikia mzee akiwa anachana ukurasa wa mwisho kumfungia mtu karanga. Faya nikashuka, nikatembea kwa miguu ile ya mtu anayejizuia asikimbie, na kufika mnara wa saa nikaacha kujizuia.

Mzee alikuwepo. Fungu lilikuwepo, kamba haijaguswa. Ningekuwa mtu mzima ningesimama kwanza kona ya pili, nijifute jasho, nije nikiangalia vitabu vya uhasibu. Badala yake nilifika nikihema na kwenda moja kwa moja kwenye fungu.

"Mwalimu," akasema taratibu, "Jumamosi ilikuwa buku."

"Ndiyo mzee, nimeleta buku yako."

"Jumamosi ulikuwa unacheka. Leo unahema."

"Nimetembea, mzee wangu. Foleni."

"Ishirini."

Kwanza nikaomba nikione. Akakata kamba kwa wembe. Kilikuwa chembamba kuliko nilivyodhani, na chini ya pale kamba ilipopita, jalada lilikuwa jeupe kidogo kuliko kwingine, mstari ulionyooka kabisa. Jina la mfasiri lilikuwa hapohapo chini ya kamba. Nikafungua. Kiswahili. Nikageuza kutafuta ukurasa wa hakimiliki, na haukuwepo. Umechanwa. Kwenye mshono kilibaki kipande cha upana wa kucha, ukingo wake una meno kama majani ya mchongoma, na juu ya kipande hicho hakuna hata herufi moja. Labda kuna mtu alihitaji karatasi ya kuandikia namba ya sanduku la posta. Labda mtoto alitengeneza ndege.

Lakini ndani ya jalada, kwa wino wa zambarau uliofifia, kulikuwa na mwandiko wa mwanafunzi: jina lake, halafu Form II B, halafu 1966. Nikausoma mwaka ule mara tatu. Toleo la 1969 haliwezi kusainiwa 1966. Kijana yule, ambaye huenda ndiye marehemu wa Upanga, alinithibitishia kwa kalamu kile ambacho mchapishaji alikithibitisha kwenye ukurasa uliopotea. Toleo la kwanza, bila shaka. Chapa ya ngapi, hapo alinyamaza, na hakuna atakayenijibu. Baina ya 1963 na 1966 ni miaka mitatu, na mtambo ungeweza kukipitia tena humo katikati.

"Ukurasa umechanwa, mzee," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

"Kumi na tano."

Nikajaribu kumrudishia Achebe. Akakitazama, akakigeuza, akanusa. "Hiki kimelowa," akasema. Ule ulikuwa mvuke wangu. Mwishowe alikubali kukichukua kwa elfu tano, nami nikaongeza kumi mkononi. Kwa hiyo kitabu cha buku kilinigharimu elfu kumi na kitabu cha elfu thelathini, tukiondoa daladala.

Wakati anahesabu noti akaniuliza, kwa udadisi wa kweli, si wa biashara: "Sasa hebu nifunze na mimi. Hiki kina nini?"

Nilikuwa na furaha mno kuweza kunyamaza. Nikamwonyesha jalada. Nikamweleza habari ya *z*, na *c*, na *ae*, kwamba kilipotoka mara ya kwanza jina liliandikwa hivi, baadaye likarekebishwa, na kwamba kile kilichokosewa ndicho chenye thamani. Alisikiliza kwa makini sana, barghashia imeinamia upande, akitikisa kichwa.

Mama yule wa ofisini nilimpelekea akakishika. Hakusoma. Alikigeuza tu upande wa nyuma, akapitisha kidole kwenye mstari mweupe wa kamba, akanirudishia, akaendelea kusahihisha.

Jumamosi iliyofuata nikarudi Samora, kwa mazoea. Mbele ya turubai, pale panapokaa vitabu vya uhasibu, mzee alikuwa ametenga safu mpya, kama vitabu kumi na viwili, vimefutwa vumbi na kusimamishwa kwenye matofali. Nikachuchumaa. Kulikuwa na mwongozo wa kilimo cha mhogo ulioandikwa *Muhongo*. Kulikuwa na kitabu cha jiografia cha kudurufu chenye *Geograpy* jaladani. Kulikuwa na kijitabu cha maombi ambacho neno *Mwenyezi* lilikuwa limepungukiwa na *n*.

"Kila kimoja kumi," mzee akasema. "Hivyo ni toleo la kwanza."