Ukipewa rufaa kwa daktari wa mishipa ya fahamu Marekani

Kabla ya miadi, fungua wasifu wa daktari kwenye tovuti ya hospitali. Baada ya chuo cha udaktari, bingwa wa mishipa ya fahamu husota miaka 4 mingine hospitalini: 1 wa tiba ya jumla, 3 ya fani yenyewe. Wengi huongeza 1 au 2 kubobea kwenye kifafa, kiharusi, Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa) au maumivu ya kichwa. Hapo ndipo pa kukazia macho. Mwenye kifafa kilichoshindikana kwa dawa 2 ampate aliyebobea kwenye kifafa, si kwenye misuli. Wasifu ukisema daktari anapenda kupanda milima au kupiga piano, hayo ni ya kuvunjia ukimya tu.

Mle ndani, nyundo ya kugonga magoti huja baadaye. Kinachomwongoza zaidi ni maelezo yako, na Kiswahili chetu kina mitego. "Kizunguzungu" kwetu ni chumba kuzunguka, ni giza machoni ukisimama ghafla, ni kuyumba ukitembea. Kwake hizo ni njia 3 tofauti za kutafuta chanzo. "Mkono umekufa ganzi" nao: kikombe kinakudondoka kwa kuwa vidole havihisi, au kwa kuwa vimelegea? Sema habari ya kikombe. Jina la ugonjwa mwachie yeye.

Mkalimani ni haki yako, bila malipo, kwenye hospitali inayopokea fedha za serikali kuu. Muombe siku ile ile unapoweka miadi. Usimbebeshe mtoto kazi hiyo. Habari za mkojo na za chumbani ataziruka tu.

Mtu akianguka kifafa, mlaze ubavu kwanza, kisha mwingine arekodi kwa simu: uso, mikono yote miwili, hadi fahamu zirudi. Macho yalikuwa wazi au yamefumba? Daktari ataliuliza hilo, na aliyeshika simu kwa hofu huwa amepiga picha ya zulia. Zikipita dakika 5 bila kutulia, piga 911, namba ya dharura.

Mwenye maumivu ya kichwa, hesabu siku za vidonge, usihesabu siku za maumivu peke yake. Tylenol (ndiyo paracetamol, kama Panadol) siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi zaidi ya 3, huweza yenyewe kuleta maumivu.

Beba chupa zote za dawa, mitishamba ikiwemo, na CD ya MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku). Karatasi ya majibu haitoshi, maana bingwa makini hutaka kuzitazama picha kwa macho yake.