Kabati lilikuwa limeziba dirisha

Miaka miwili nimelala vibaya kwenye chumba hiki nikilaumu joto la Dar. Jumamosi mdogo wangu kaja kunisaidia usafi, akaniuliza, "Dada, mbona dirisha la huku umeliziba?" Nililiziba siku ninahamia, kabati halikuenea kwingine.

Tukalisogeza. Wavu umejaa vumbi, tumeukung'uta hadi tukapiga chafya. Lakini upepo jamani! Ulikuwa unaingia mbele, hauna pa kutokea.

Kitanda nacho nimekitoa ukuta wa magharibi. Yale matofali ya saruji yanakunywa jua la alasiri mpaka jioni, usiku yanakutemea joto kichwani. Pazia zito nimelivua, nimetundika kanga ya marehemu bibi, ile iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama hariri. Taa nyeupe kali nimebadilisha, nimeweka ya njano.

Nyumba ya bibi kule Mji Mkongwe, Unguja, ilikuwa na kuta nene za mawe na chokaa, na ua katikati. Adhuhuri tulikuwa tunajilaza sakafuni, kumepoa. Waliojenga vile walijua mwili unataka nini.

Leo nimeamshwa na adhana ya alfajiri. Shuka kavu, kanga inapepea.