Kutwa Nzima na Watoto wa Ngamiani

Ndugu zangu wa Nakuru wakinipigia simu huniuliza swali lile lile: hasa hasa, huko Tanga unafanya nini kutwa? Sioni kosa kuulizwa hivyo. Kwetu, kazi ya kujitolea ikitajwa, watu humfikiria kijana aliyekosa ajira akaona bora ajishughulishe, au mgeni kutoka Ulaya aliyepigwa picha akiwa amezingirwa na watoto wanaocheka. Mimi nilikuja na stashahada ya malezi na elimu ya awali, akiba ndogo, na barua ya kukubaliwa na kituo cha kulelea watoto wadogo mchana kilichopo Ngamiani, ambako barabara zimepewa namba badala ya majina na mgeni ajuaye kuhesabu hapotei.

Nianze na makaratasi, kwa kuwa ndiyo yanayowachanganya wengi wanaoniandikia wakitaka kuja. Mkenya huingia Tanzania bila viza, kwa sababu nchi zote mbili zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nilipanda basi Mombasa, nikavuka mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro, na pasipoti yangu ikagongwa mhuri bila maswali mengi. Lakini kuruhusiwa kuingia si kuruhusiwa kufanya kazi, hata kazi isiyo na mshahara. Anayejitolea anatakiwa awe na kibali cha ukaaji cha daraja C, ambalo ndilo daraja la wanafunzi, watafiti na wamisionari pia. Ukiona taasisi inakuambia uje tu na mambo ya vibali yataonekana baadaye, usifunge mizigo.

Siku yenyewe huanza kabla ya saa moja asubuhi. Tanga bado ni mji wa baiskeli, na watoto wetu wengi hufika wakiwa wamekaa kwenye keria nyuma ya baba au kaka, miguu wameitanua ili isiingie kwenye spoki. Kazi yangu ya kwanza ni kuwapokea mlangoni: kumtazama kila mmoja usoni, kumgusa paji la uso, kuuliza alilalaje na amekula nini, kisha kuandika katika daftari jina la mtu atakayekuja kumchukua mchana. Hili la mwisho ndilo zito kuliko yote. Mtoto hakabidhiwi mtu ambaye hakuandikwa, hata awe mjomba wake wa damu na mtoto mwenyewe akamkimbilia kwa furaha. Mjomba ataketi kwenye benchi hadi mama apatikane kwa simu. Wapo wajomba walionikasirikia, tena mbele ya watu, na wengine wakanikumbusha kuwa mimi ni mgeni nisiyemjua mtu mjini. Ndiyo sababu hasa ya kuwaweka kwenye benchi.

Nilikulia mahali ambapo mtoto humsalimu mkubwa kwa habari, au kwa Kiingereza cha shuleni. Hapa mtoto wa miaka mitatu, ambaye bado hawezi kufunga vifungo vya shati lake, hunijia na shikamoo kamili na kusimama pale pale akisubiri marahaba. Nikichelewa kuitikia huirudia kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba nina tatizo la masikio. Kwa umri wangu mdogo niliona haya kuipokea. Mpishi wetu, mama wa makamo ambaye kila mtu kituoni humwita Bibi, aliniambia niache kujiona ndimi ninayepewa kitu. Kwa maoni yake shikamoo ni mlango ambao mtoto anaruhusiwa kuufungua mwenyewe: akishaitikiwa, amepata ruhusa ya kuendelea na shida yake, iwe ni kiatu kilichopotea au mwenzake aliyemfinya. Tangu hapo sijamchelewesha mtoto, kwa kuwa nimeona ni kweli. Mtoto asiyeitikiwa hunyamaza na shida yake hadi jioni.

Saa nne ni uji. Nikisema uji namaanisha kunawa mikono kwanza, na kunawa mikono kwa watoto zaidi ya ishirini kwenye ndoo moja yenye koki huchukua muda mrefu kuliko kunywa uji wenyewe. Mwanzoni nilikuwa nalihesabu jambo hili kuwa usumbufu unaotangulia kipindi. Sasa nalihesabu kuwa ndicho kipindi. Hapo mtoto hujifunza kusubiri zamu, kumkunjia mwenzake mikono ya nguo, kufunga maji kabla ya kujipaka sabuni, na kumwambia aliyemrukia foleni kwamba hapendi, kwa maneno na si kwa meno. Mwezi wa Ramadhani uji uliendelea kama kawaida, kwa kuwa watoto wa umri huo hawafungi, na Bibi aliupika akiwa amefunga. Kwa kuwa hakutaka kuonja, kila asubuhi aliteua mtoto mmoja wa kuonja sukari. Cheo hicho kilitafutwa kwa bidii ambayo sijaiona katika uchaguzi wa aina yoyote.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenichukulia fikra zaidi ya yote, nalo ni madaftari. Watoto wetu wana kati ya miaka miwili na minne. Vituo kama chetu viko chini ya ustawi wa jamii. Kazi ya vituo hivi ni malezi, na mtoto akitoka hapa huingia darasa la awali katika shule ya msingi, mwaka mmoja ambao kwa sera ya Tanzania ni wa lazima, kisha darasa la kwanza ambako hukazwa kusoma, kuandika na kuhesabu. Kwetu Kenya elimu ya awali ni miaka miwili, na shule nyingi za mijini huiendesha kwa Kiingereza, kwa hiyo wazazi wa Nakuru hupimana kwa mtoto wa nani ametamka sentensi ndefu ya Kiingereza mbele ya wageni. Nilidhani Tanga, ambako shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, nitalikuta shinikizo hilo limepungua. Nililikuta limevaa nguo nyingine. Mzazi anayemfuata mtoto wake saa sita mchana hataki kusikia kwamba leo mwanawe amepanga vizibo vya soda kwa rangi, amepima maji kwa vifuu na amesimulia hadithi ya sungura akiwa ameibadilisha mwisho. Anataka daftari, na daftari liwe limejaa.

Sikuona busara kubishana na watu wanaotoa ada kwa jasho, baadhi yao wakiwa mama lishe na wauza samaki wa soko la Deep Sea ambao wao wenyewe hawakupata nafasi ya kukaa darasani. Hoja yao ina uzito: daftari ni kitu wanachoweza kukiona. Basi tulikubaliana na mwalimu mkuu wa kituo tuwakaribishe wazazi wachache kwa zamu wakae ndani asubuhi moja, wasisaidie chochote, watazame tu. Mzee mmoja fundi baiskeli alikaa pembeni akimwangalia mjukuu wake akigawa vizibo kumi kwa wenzake wanne. Mtoto aligawa viwili viwili, akabaki na viwili mkononi, akavitazama kwa muda, kisha akamwendea Bibi jikoni akampa. Mzee alicheka hadi akatoa kitambaa kufuta macho, na alipotoka aliniambia kwamba yeye hugawa faida ya karakana yake kila Jumamosi na hajawahi kupata jibu zuri namna ile. Sitasema kwamba tangu siku hiyo madaftari yameacha kudaiwa, maana bado yanadaiwa, na wiki iliyopita mama mmoja alimhamishia mwanawe kwingine ambako watoto wa miaka mitatu wanaandika herufi kurasa nzima. Namwelewa, ingawa sikubaliani naye. Vidole vya mtoto wa miaka mitatu vinahitaji udongo, mchanga na kamba za kufumafuma kabla ya penseli.

Kuhusu fimbo nitasema kwa ufupi. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, ilhali kanuni za Tanzania bado zinaviruhusu kwa masharti, miongoni mwake kwamba mwalimu mkuu aidhinishe na visizidi vinne. Kituo chetu hakina fimbo kabisa, na huo ulikuwa utaratibu wake kabla sijafika, kwa hiyo sidai sifa. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba kundi la watoto wenye kelele hunyamaza haraka zaidi mwalimu akishusha sauti kuliko akiipandisha, kwa kuwa kila mmoja anaogopa kupitwa na kinachonong'onwa. Aliyeumizwa au anayerudi na alama zisizoelezeka tunajua pa kumpeleka: afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto la polisi, au simu ya bure 116, ambayo ni namba ile ile tunayoitumia Kenya.

Mchana watoto wakiondoka, wakubwa kidogo hurudi nyumbani kubadili nguo na kwenda chuoni kusoma Kurani. Ndipo mimi hufagia, huosha vikombe, hushona mpira wa matambara uliofumuka na kuandika taarifa ya siku. Huu ndio upande wa kazi ambao hakuna anayeupiga picha, na kwa makadirio yangu ni nusu ya kazi yote.

Nikigusia picha, niseme ninavyoona. Kituo hupokea wageni wa muda mfupi pia, vijana wa Ulaya na wakati mwingine wa Dar es Salaam, wanaokuja kwa juma moja au mawili. Wengi ni watu wema na wenye bidii, na sitaki kuwasema vibaya. Lakini kwa kuwa rangi yangu haiwashangazi watoto, wageni hunidhania mwalimu wa hapa na husema mbele yangu mambo ambayo wasingeyasema wakijua kuwa nami nimetoka nje. Nimemsikia mmoja akilalamika kwamba watoto hawamkimbilii kama walivyomkimbilia mtangulizi wake. Alikuwa sahihi. Watoto wale walishamkimbilia wa kwanza, wa pili na wa tatu, na kila mmoja alitoweka wakiwa ndiyo kwanza wamelizoea jina lake. Mimi mwenyewe, siku nilipofika, msichana mmoja aliniuliza nitaondoka lini kabla ya kuniuliza ninaitwa nani. Wenyeji huisifu Tanga kwa maneno ya waja leo waondoka leo, na watu wazima huyasema kwa mzaha na kujivunia mji wao. Mtoto wa miaka minne hana mzaha katika jambo hilo.

Kwa sababu hiyo nilimjibu msichana yule ukweli: nitaondoka mvua za vuli zikimalizika. Kila mwezi mpya ukiingia tumezungumza habari hiyo barazani kama tunavyozungumza habari ya mvua yenyewe, bila kunong'ona na bila kuahidi kwamba nitarudi, kwa kuwa sijui kama nitarudi. Mwalimu mkuu ameweka sharti ambalo ningependa vituo vyote viige: mtu anayejitolea hapewi kundi la watoto peke yake. Daima yupo mwenyeji anayelishika kundi hilo pamoja naye, naye ndiye anayembembeleza mtoto anayelia, anayempeleka zahanati, anayekwenda msibani nyumbani kwao. Sharti hili liliniuma kidogo mwanzoni, kwani nilitamani kubembeleza. Leo naona ndilo lililofanya kuondoka kwangu kusiwe tukio kubwa kwa mtu yeyote isipokuwa mimi.

Wanaonitaka ushauri kabla ya kuomba nafasi mahali popote, Tanga au kwingineko, wakiulize kituo nani alifanya kazi hiyo kabla yao na nani ataishika wakishaondoka. Waulize pia kama kituo kimesajiliwa, kama wao wenyewe watachunguzwa kabla ya kukabidhiwa watoto, na fedha wanazotakiwa kulipa zinakwenda wapi. Kituo kinachompokea mgeni yeyote bila kumwomba hata cheti cha polisi kitampokea na mtu mbaya pia.

Kundi langu, nalisema langu kwa mazoea, limekwisha kupata mwenyewe. Ni binti wa Makorora, hapa hapa Tanga, aliyemaliza mafunzo ya ualimu mwaka huu, naye atalipwa mshahara, jambo ambalo kituo kilikuwa kikilitafutia fedha tangu kabla sijaja. Nimemkabidhi daftari la mlangoni, nimemwonyesha wajomba gani ni wakali, na mahali Bibi anapoficha kijiko kikubwa. Tumefanya kazi pamoja juma zima hili. Ratiba yangu ameipokea kwa heshima, kisha akabadilisha jambo moja bila kuniuliza: hadithi ameitoa baada ya uji na kuiweka kabla yake, wakati bado wana njaa. Nilitaka kumwambia haiwezekani. Wamemsikiliza hadi mwisho siku zote tano, jambo ambalo kwangu, wakiwa wameshiba na wamelegea, halikutokea hata mara moja.