Sini ya mlango: kumbukumbu ya filamu yangu fupi

Jumamosi, Tandika

Leo tumerudia sini ya mlango kwa mara ya tatu. Dada yuko peke yake sebuleni usiku, anasikia mtu anaingia uani, kisha kitasa kinaguswa. Hakuna anayeongea. Ni dakika moja na nusu tu katika filamu ya dakika tisa, lakini ndiyo inayoninyima usingizi.

Mara ya kwanza niliikatakata: uso, mkono, mlango, miguu ya mtu huko nje, uso tena, na juu yake nikamwaga ngoma nzito. Mdogo wangu akaangalia, akasema, "Kaka, si mwizi huyu? Ndala zake nimeshaziona." Alinisaidia sana. Ukishaziona ndala, unaanza kumpima mwenye nazo, na hofu inapungua. Mwongozaji Fritz Lang alilijua hili tangu 1931: kwenye filamu yake iitwayo M, muuaji tunamsikia akipiga mluzi kabla hatujauona uso wake, na baadaye muuza maputo kipofu ndiye anayemtambua kwa mluzi huohuo.

Kwa hiyo sasa ni shoti moja, bila kukata. Kamera imekaa juu ya blanketi lililokunjwa, tunalivuta kwenye vigae taratibu mno kumwelekea dada, kama mita moja na nusu kwa sekunde arobaini. Mtazamaji haoni kamera ikisogea, anahisi tu chumba kinambana. Fokasi nimeiweka kwenye sikio lake. Mlango uko nyuma yake, ukungu mtupu, na hapo ndipo kila mtu anapokodolea macho.

(Fremu 25 kwa sekunde; shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, ni sekunde 1/50. Umeme wetu ni hezi 50, na siku ya kwanza nilipoacha shata vibaya taa ya tyubu ilipepesa picha nzima.)

Jumatano, kuediti

Muziki nimeufuta wote. Zimebaki sauti tatu: feni, nyenje, na mita ya LUKU inayolia pii… pii… kwamba yuniti zinakaribia kuisha. Nani hapa Dar asiyeijua sauti ile? Sihitaji saa ukutani. Kila pii inasema giza linakuja.

Ndala nimezirekodi uani saa tisa usiku, maana kabla ya hapo ni bajaji na singeli ya mtaa wa pili. Kwanza nilizipa sauti kubwa, zikaharibu. Nimezishusha hadi zinakaribia kuzama ndani ya feni, ili mtu aache kutafuna asikilize. Sekunde mbili kabla hazijafika mlangoni, nyenje wananyamaza, kama wanavyofanya kweli mtu akiwapitia karibu.

Nilimwonyesha mama jikoni bila kumwambia kitu. Nyenje waliponyamaza, vidole vyake vikasimama ndani ya ungo wa mchele.

Baada ya hapo umeme unakatika. Picha ni nyeusi, feni linazunguka likipungua, likipungua, mpaka kimya. Halafu kitasa. Hapo bado pagumu: kitasa cha nyumba tuliyorekodia ni kipya, kinalia tki, kisafi mno. Kesho nakwenda Mbagala kwa shangazi. Mlango wake wa uani una kitasa cha zamani chenye kutu, ukikizungusha kinakwama katikati kwanza, ndipo kinamalizia.