Maneno ya wodini na yalikotoka

Ndugu zangu mnaojiandaa kuja Uingereza kusomea unesi, Kiingereza cha hospitalini msikikariri. Kichambueni. Ukishajua kwamba "nephr" ni figo kwa Kigiriki, "hepat" ni ini, na "itis" mwishoni ni uvimbe wa kuwaka, basi majina mengi ya magonjwa yatajieleza yenyewe hata kabla mwalimu hajafungua mdomo.

Mimi kwetu ni Newala, naishi Leeds. Wodini nasikia Kiingereza cha aina mbili: cha madaktari, na cha wazee wa hapa, ambao mtu akiumwa wanasema yuko "poorly", na wakisimulia vifo vya babu zao wanataja "consumption" na "dropsy". Maneno hayo hatuyaandiki tena kwenye mafaili. Lakini usipoyaelewa, mzee atakueleza magonjwa ya ukoo wake wote na wewe utatoka mikono mitupu.

"Consumption" ni kifua kikuu. Watu walimwona mgonjwa akikonda hadi mifupa ikahesabika, kama anayeliwa kutoka ndani, wakauita ugonjwa hivyo: kuliwa. Jina la kitaalamu, tuberculosis, limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kivimbe kidogo, kwa sababu waliopasua maiti walikuta vivimbe mapafuni. Daktari Mjerumani Robert Koch alipotangaza mwaka 1882 kwamba amemwona bakteria anayeuleta, jina hilo lilikuwa limeshaanza kutumika. Waliotoa jina la kwanza walitazama mwili kwa nje, wa jina la pili kwa ndani, na kila mmoja akataja alichokiona. Sioni kwa nini la pili litutishe.

"Dropsy" ndilo nililolipenda zaidi. Chimbuko lake ni neno la Kigiriki la maji. Ni miguu na tumbo kujaa maji, na leo tunajua kwamba mara nyingi chanzo ni moyo au figo kushindwa kazi. Daktari William Withering, aliyekuwa Birmingham, aliulizwa mwaka 1775 kuhusu dawa ya siri ya ugonjwa huo iliyokuwa kwa bibi mmoja wa Shropshire. Ilichanganywa majani mengi, naye akatambua kwamba linalofanya kazi ni foxglove, ua la zambarau linaloota porini huku. Akalichunguza kwa miaka, akachapisha kitabu mwaka 1785. Kwa Kilatini mmea huo unaitwa Digitalis, jina alilolitoa tabibu Mjerumani Leonhart Fuchs mwaka 1542 kutokana na neno la kidole, maana ua lake linaingia kidole barabara. Dawa ya digoxin, inayotoka kwenye jamaa ya mmea huo, tunaigawa mpaka leo, na kabla ya kumpa mgonjwa lazima uhesabu mapigo ya moyo, kwa sababu dozi ikizidi kidogo tu ni sumu. Jina la bibi yule halikuandikwa. Linaniuma hilo.

Jongo nalo, "gout", linatokana na tone kwa Kilatini: waliamini maji mabaya ya mwili yanadondokea kwenye kiungo.

Sasa la kwetu. Mwaka 1952 na 1953 homa kali ya viungo ilipita kusini mwa Tanganyika, kwenye uwanda wa Makonde, ndiko iliko Newala yetu. Wagonjwa walikunjamana kwa maumivu, wasiweze kusimama wima. Watafiti Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliuandika ugonjwa huo mwaka 1955, na jina wakalichukua kwa wenyeji: chikungunya, kile kinachomkunja mtu. Mwaka 2005 na 2006 uliikumba Réunion, kisiwa cha Bahari ya Hindi, ukawapata takriban theluthi moja ya watu wake. Mwaka 2007 ukafika Italia. Leo daktari yeyote duniani anayeandika jina hilo anaandika neno la bibi zangu, na lina haki sawa na Kigiriki na Kilatini.

Ila kuna maandishi mengi yanayosema ni neno la Kiswahili. Si kweli. Nakipenda Kiswahili, ndicho ninachowaandikia, lakini hili ni la Kimakonde. Mkilikuta darasani limeandikwa vingine, nyosheni mkono mseme.